Simu Haikukataa

Jengo letu halipo tena. Mwaka jana nilipata siku mbili za kukaa Dubai nikiwa safarini, na asubuhi ya kwanza nikateremka kwenye kituo cha metro cha Oud Metha kama mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini. Miguu ilijua njia. Ilipita kliniki ya meno, ikapita duka la dobi, ikapinda kulia penye mkahawa unaowapelekea watu chai ya karaki ndani ya magari yao. Nilipopinda nikakuta kiwanja cha kuegesha magari, kimezungushiwa mabati. Nikapandisha macho kutoka chini: ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale juu, njiwa walipokuwa wakipita bila kugonga kitu, ndipo palipokuwa jikoni kwetu. Ndipo niliposimama juu ya kiti, nikiwa na miaka kumi, siku niliyomkosea nyanya yangu.

Nitakusimulia, rafiki yangu, kwa sababu kwa miaka yote hii nimewaacha watu wa kwetu waamini jambo ambalo si kweli, na mimi ndiye niliyefaidika nalo.

Tulikuwa watatu. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi; karakana ya kampuni yao ilikuwa Al Quoz, na basi la wafanyakazi lilimchukua kabla jua halijatoka na kumrudisha jioni akinuka vumbi na chuma. Mama alikaa mapokezi katika ile kliniki ya meno mtaani kwetu, akiwakaribisha wagonjwa kwa Kiarabu cha kuokoteza alichokisema kwa ujasiri mkubwa. Baba ni Mtaita, Mama ni Mkikuyu wa Kinangop, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha mezani. Nyumba tuligawana na jirani, mama mmoja wa Mombasa ambaye mumewe aliuza vitambaa Deira. Wao chumba chao, sisi chetu, jiko la wote. Asubuhi za Ijumaa jikoni mle mlijaa harufu ya iliki na mahamri upande mmoja, na upande wa pili Mama akiponda viazi na mahindi ya mukimo kwa mchicha wa supamaketi, kwa kukosa majani ya maboga. Jirani hakuacha kumchokoza.

“Nyinyi watu wa bara,” alikuwa akisema, “chakula hakiwapiti kooni mpaka kipigwe kwanza.”

Mama alimjibu kwa kuendelea kuponda.

Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yake Mama. Kwa desturi ya kwao, mtoto aliyebeba jina la mzazi wako ni huyo mzazi amekurudia, na unamwita hivyo. Tangu nizaliwe, basi, Mama aliniita Mami. Mami, umekula? Mami, lete kitana nikusuke. Akiumwa na kichwa alikuja kulala karibu yangu na kunilalamikia kama binti anavyomlalamikia mzazi, nami, mtoto mdogo, nikampapasa paji la uso na kumwambia kitapoa. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila msichana ni mama wa mama yake.

Nyanya mwenyewe nilikuwa nimemwona mara mbili tu, likizo mbili, lakini hizo mbili zilinitosha kumbeba mwili mzima: sweta lake la kijani lenye viwiko vilivyotoboka, viatu vyake vya mpira, harufu ya moshi na majani mabichi. Redio yake aliitundika kwenye msumari zizini, ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Sijui nani aliyezileta milimani kwetu nyimbo za wazungu wa mashambani, zile za gitaa la taratibu na mtu anayelia juu ya mvua na safari, lakini watu wa kule wanazipenda kuliko wazungu wenyewe. Na katika hizo zote mmoja ndio uliokuwa malkia. Ulitoka Ayalandi. Mtu mzima anamkumbuka mama yake, anazitaja kazi zake, anauona uzee ulivyomfikia, na anamwambia mapema, kabla hajachelewa, kwamba anampenda. Ulipigwa Siku ya Akina Mama, ukapigwa harusini, ukapigwa makaburini. Mzee aliyekuwa hajui Ayalandi iko wapi aliusikiliza huku amevua kofia.

Nyanya hakujua Kiingereza, ila wimbo ule aliujua wote, maneno yakiwa yamesagwa ulimini mwake mpaka yamekuwa Kikuyu. Aliapa kwamba ng'ombe wake mwenye baka jeupe hashushi maziwa yote asipousikia. Redio isipoucheza aliuimba mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, shavu ubavuni mwa ng'ombe, na maziwa yakichuruzika ndooni kwa mapigo yake. Ukizungumza akiwa anaimba alikurushia maziwa ya moto usoni moja kwa moja kutoka kwenye chuchu, na hakukosa shabaha.

Kule Dubai, Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Tulikwenda kanisani Ijumaa, na baada ya misa watoto tulibaki kwa mafundisho na kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama wa Ayalandi, mzee kidogo, mwenye madoadoa mikononi na sauti ya kukwaruza, aliyekuwa ameishi mjini mle miaka mingi na mumewe mhandisi. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, Siku ya Akina Mama, ambayo kule huwa Machi, iliangukia Ijumaa. Mwalimu akaleta gitaa. Akasema atatufundisha wimbo wa kwao. Akapiga mistari miwili ya mwanzo bila maneno, na mimi nikaanza kuimba.

Akasimamisha mkono. Akaniuliza nimeujulia wapi. Nikamwambia: kwa nyanya yangu, kwenye zizi la ng'ombe. Aliuliza mara ya pili kana kwamba hakusikia, kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani na kufuta macho, na nilipomtazama vizuri nikaona kwamba hakuwa akicheka tena. Akanipa ubeti wa kwanza niuimbe peke yangu.

Wiki tatu nilifanya mazoezi bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili Mama asisikie. Nilitaka aketi pale ukumbini asijue kitu, kisha ausikie wimbo wa mama yake ukitoka kinywani mwangu. Nilimwambia tu kuna tamasha na lazima aje. Akasema, “Nitajaribu, Mami.” Kwa mtoto, rafiki yangu, nitajaribu ni nitakuja.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa akina mama wa kila rangi, Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wanigeria wenye vilemba vilivyowaziba walioketi nyuma. Kila mama alipewa ua jekundu mlangoni. Niliposimama mbele nikamtafuta Mama safu kwa safu, na kwenye kiti chake nikamwona Baba, na sare yake ya kazi, ameshika ua kwa vidole viwili kama anayeshika waya wenye umeme. Niliimba. Watu walisema niliimba vizuri. Mimi nakumbuka ua lile tu.

Mama alirudi jioni, miguu imemvimba, akalikuta ua kwenye glasi juu ya friji. Baba alikuwa ameshamwambia ni wimbo gani. Akaketi kitandani, akavua viatu, akanivuta.

“Niimbie basi, Mami. Hata mstari mmoja.”

“Khalas,” nikamwambia. “Umekwisha.”

Alicheka kidogo, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka. Nilipouliza kwa nini hakuja, Baba akajibu kabla yake kwamba ni mambo ya kazi, na mimi nikaamua, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba meno ya watu wengine yalikuwa bora kuliko mimi.

Siku kumi baadaye nyanya alifariki. Nilijua alikuwa akiugua kifua. Sikujua ni kiasi gani. Simu ilimkuta Mama mapokezini, na jirani ndiye aliyekwenda kumchukua, akamleta amemshika kiuno kama anayemfundisha mtu kutembea. Sasa sikiliza jinsi mji ule unavyoweza kukufunga bila kukufanyia ubaya wowote. Wiki ileile kibali cha Mama cha kuishi nchini kilikuwa kikifanywa upya, na pasipoti yake ilikuwa imepelekwa kugongwa muhuri. Mandubu wa kliniki, yule mtu anayezunguka na makaratasi ya wafanyakazi maofisini, alikuwa mpole na mwenye huruma. Kila alipopigiwa alisema Jumapili, inshallah. Mazishi yalipangwa Ijumaa. Kinangop wakati ule mvua ilikuwa imeanza kunyesha, wageni wameshaitwa, hawakuweza kusogeza siku.

Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, mwalimu wa Kiswahili, ndiye aliyetoa wazo. Kwa kawaida aliyebeba jina la marehemu husimama mbele na kutupa udongo mapema, mara tu baada ya watoto wake. Kwa kuwa mwenye jina yuko Dubai, alisema, basi atupe sauti. Alikuwa amesikia kutoka kwa Baba habari za kanisani. Tutapiga simu saa ile ile, yeye ataiweka kwenye kipaza sauti, na mtoto ataimba wimbo wa nyanya yake wakati jeneza likiwa juu ya kaburi, kabla halijashushwa. Mama aliposikia wazo hilo, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya Jumatatu akala chakula. Akaniuliza kama nitaweza. Nikaitikia kwa kichwa. Siku zilizobaki akawa na kitu cha kushikilia: alikwenda kununua kadi za simu, zile za kukwaruza namba, akanifua gauni, akanisuka nywele mistari midogo midogo iliyonivuta macho. Alipokuwa akinisuka alisema, si kwangu hasa, kwamba hata kama yeye hayupo, mama yake hatazikwa kimya.

Ijumaa ilipofika hatukwenda misa. Saa sita mchana kwetu ilikuwa saa tano kwao. Simu ilishika vizuri zaidi karibu na dirisha la jikoni, kwa hiyo Baba aliweka kiti pale, nikapanda, akanishikia simu mbele ya mdomo ikiwa imefunguliwa sauti. Jirani alikuwa amezima jiko na kujitanda kanga ya pili juu ya dera lake. Mama alisimama kando yangu, amevaa nguo nyeusi kana kwamba watu wa kule wangemwona.

Tulimsikia padri akimaliza sala. Tukamsikia mjomba akiwaambia watu kwamba mjukuu mwenye jina yuko kwenye simu kutoka ng'ambo. Kisha akasema, “Haya, mama. Tunakusikiliza.”

Nilivuta pumzi. Ninaapa kwako kwamba nilikusudia kuimba. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini wakati uleule Mama aliinama, akaniwekea mkono mgongoni, akaninong'oneza, “Imba kama ulivyoimba kanisani.”

Nikaufunga mdomo. Alijuaje nilivyoimba kanisani, na yeye hakuwepo? Nikamgeukia nikamtazama, na nilitaka aone kwamba ninamtazama. Nilitaka naye amtafute mtu asimpate, kama nilivyomtafuta mimi. Baba akatikisa kichwa kunihimiza. Mjomba akasema hallo. Akasema hallo tena, mwatusikia? Jirani akanong'ona, “Imba, mwanangu, watu wakungoja.” Mama hakunihimiza tena. Alikuwa ameelewa. Nilimwona akielewa. Akafungua kinywa aimbe yeye, na sauti iliyotoka haikuwa wimbo, akaiziba haraka kwa kiganja ili wasimsikie kule.

“Mtandao umekataa, ndugu zangu,” mjomba alisema kwenye kipaza sauti. “Dubai ni mbali.” Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma. Mjomba akatia simu mfukoni, akasahau kuikata.

Mama aliichukua simu kutoka mkononi mwa Baba, akazima kile kipaza sauti chake, akaiweka sikioni. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye friji. Alimsikiliza mama yake akizikwa kupitia kitambaa cha koti la kaka yake. Sisi hatukusikia kitu. Tulimwona yeye tu. Najua jeneza lilishushwa lini, kwa sababu alifumba macho. Najua sepetu zilianza lini. Halafu kadi ikaisha, akabaki ameishika simu vilevile sikioni, na jirani akanitoa jikoni kwa mkono.

Ni yeye aliyeniambia. Alinikalisha kwenye kitanda chao chenye shuka za maua na kuzungumza taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba.

“Wajua kwa nini mamako hakuja kanisani ile siku?”

Nikasema ni kazi.

“Ni kazi, naam. Ijumaa tatu amefanya kazi zamu ya yule dada Mfilipino, ili naye amshikie siku zake mwezi ujao. Alitaka akupeleke kwa nyanyako angali hai, umuone. Hakutaka kukwambia, kwa kuwa mwaka jana uliahidiwa safari ikavunjika, ukalia mpaka ukapata homa.” Akanifuta uso kwa ncha ya kanga. “Mimi simo, lakini wamuonea mamako.”

Nilikwenda jikoni nikiwa tayari kuimba mpaka koo lipasuke. Mama alikuwa ameshainuka, anaosha vikombe. Mjomba alipiga simu alasiri kuomba radhi kwa ajili ya mtandao. Nilisimama mlangoni nikasikia Mama akimjibu, “Ndiyo, kaka. Laini ilikuwa mbaya sana.” Na tangu siku ile hakuniita Mami tena. Hakunikasirikia, hakuninyima kitu, alinisuka kila wiki kama zamani. Aliniita kwa jina langu tu, kama mwalimu anavyoita orodha ya darasa, nami niliitika. Ijumaa iliyofuata nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba sauti imenikauka. Aliniamini. Akanipa peremende za koo.

Ule mtandao uliokataa ukawa hadithi ya ukoo. Kila Krismasi tuliyokutana Kinangop, mjomba aliisimulia upya: jinsi watu wote walivyongoja, jinsi mtoto alivyokuwa amejiandaa, jinsi mitambo ya Waarabu ilivyomnyima nyanya wimbo wake. Shangazi walinishika mashavu. Masikini, walisema, ungeimba vizuri sana. Nilipokea huruma ile kama mtu anayepokea pole kwa msiba aliousababisha mwenyewe. Mama alikuwa akiondoka kwenda kutazama sufuria kila hadithi ilipofika pale.

Nikiwa nimesimama mbele ya kile kiwanja cha magari nilimpigia. Siku hizi amerudi Kinangop, ana ng'ombe wawili. Nilimwambia jengo limebomolewa. Akataka kujua kama walibomoa hata jiko pamoja na mende wake, na tukacheka. Kisha nikasema, “Mama, siku ile simu haikukataa.”

“Najua,” akasema. “Nilikuwa nimesimama kando yako.”

“Nilikuwa nimekukasirikia.”

“Hilo nalo nilijua. Mimi ulikuwa na haki ya kunikasirikia.” Nilisikia akihamisha simu kwenda sikio la pili. “Lakini yeye hakuwa amekukosea.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesahihisha anwani. Nikamuuliza kwa nini basi alimficha mjomba miaka yote hii.

“Ulikuwa mtoto. Sasa si mtoto. Mimi sitamwambia. Ukitaka, mwambie wewe.” Kisha akauliza kama nimekula, akasema mnunuzi wa maziwa yuko langoni, akakata.

Nilikaa pale mpaka jua likanifukuza. Jirani wetu alirudi Mombasa zamani na hatujui namba yake. Mwalimu wa kwaya, kama yu hai, ni bibi kizee mahali fulani penye mvua. Kadi za kukwaruza haziuzwi tena; watoto wa leo wakiwa mbali huona kaburi zima kwenye kioo cha simu, na mtu akinyamaza huonekana uso wake. Hata misa imebadilishwa siku. Vyote vilivyoshuhudia vimeondoka mmoja mmoja, na ningeweza, bila kusema uongo mpya hata mmoja, kuacha ule wa zamani uishi milele.

Lakini mjomba husoma kila ninachoandika, na kalamu nyekundu mkononi. Mjomba, kama umefika hapa: laini ilikuwa safi. Nilisikia mvua ikianza kudondoka kwenye turubai. Nilisikia ukiwaambia watoto wasogee, wakae kimya, wamsikilize mtoto wa dada yako. Walinyamaza wote, mjomba. Na mimi nikanyamaza pamoja nao.